Gari Linachemsha Likianza Kupanda Milima: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu ya magari, nakusalimu kutoka Masaka, ambako ninafundisha shule ya sekondari. Nina Toyota Premio ya mwaka 1998, yenye injini ya 7A-FE na gia za otomatiki, ambayo hunitumikia vizuri mjini na hata nikienda Kampala. Taabu huanza tunapokwenda Kabale kuwaona wazazi wa mke wangu, tukiwa watu watano pamoja na mizigo. Hadi Mbarara mshale wa joto hutulia mahali pake. Tukishaipita Ntungamo na kuanza kupanda, mshale huinuka taratibu, na nikisimama kando ya barabara nasikia maji yakitokota kwenye chupa ya akiba. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba kesho yake asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, naikuta chupa imejaa hadi juu ilhali rejeta imepungukiwa. Sijaona maji yakivuja popote. Fundi wa kwanza aliitoa themostati, kile kifaa kinachofungua njia ya maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto, akisema kwamba nchi yetu ni ya joto na kwa hiyo kifaa hicho hakina kazi. Wa pili aliunga feni moja kwa moja ili izunguke wakati wote. Wa tatu anataka kuifungua injini kwa sababu anaamini kwamba gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Nimsikilize yupi?
Mwalimu, Masaka

JIBU: Mwalimu, fedha ya kuifungua injini iweke kwanza. Barua yako ina dalili moja ambayo, kwa jinsi ulivyoeleza, hakuna fundi hata mmoja aliyeishughulikia, nayo ni hiyo chupa inayojaa wakati rejeta ina upungufu. Maji yako hayapotei. Yanatoka kwenye rejeta, yanakwenda kwenye chupa, na yanashindwa kurudi. Jambo hilo lina sababu chache tu zinazojulikana, na ile ya bei nafuu kuliko zote ni kifuniko cha rejeta.

Wengi wetu hudhani kwamba kifuniko kile kipo ili maji yasimwagike. Kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Ukikigeuza utaona bamba lenye mpira linalosukumwa na springi, na katikati ya bamba hilo kuna kivali kidogo cha duara ambacho unaweza kukivuta kwa ukucha. Bamba kubwa huyazuia maji ndani ya rejeta hadi shinikizo lifikie kiwango kilichoandikwa juu ya kifuniko, ambacho kwa magari mengi ya Japani ya miaka hiyo ni 0.9 au 1.1, yaani kilo kwa kila sentimita ya mraba. Shinikizo likizidi hapo, bamba huinuka na maji ya ziada hupita kwenye kimpira chembamba kuelekea kwenye chupa. Injini ikipoa, maji yaliyobaki hujikunyata, kivali kidogo hufunguka, na yale yaliyokwenda kwenye chupa huvutwa kurudi. Kivali hicho kikikwama kwa kutu, au kimpira chembamba kikiwa na ufa, au ncha yake ikiwa haizami ndani ya maji ya chupa, asubuhi utakuta hali ile ile uliyoieleza. Kivali kikikwama katika hali ya kufungika, mara nyingi utaona pia mpira wa juu wa rejeta umenywea injini inapokuwa baridi.

Sasa tazama kwa nini balaa hili linakungoja Kabale na halikusumbui Masaka. Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi katika usawa wa bahari, na kila unapopanda mita 300 hivi kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1. Kampala, iliyo kwenye mita 1,200 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 96. Kabale, ambako ni karibu mita 2,000, huchemka kwenye nyuzi 93. Injini yako katika kazi yake ya kawaida huwa na joto la kati ya nyuzi 85 na 95, na inapopanda ikiwa imebeba watu watano huenda juu ya hapo. Maana yake ni kwamba huko milimani, rejeta ambayo kifuniko chake hakishikilii shinikizo inaweza kuchemsha maji ilhali injini haina ugonjwa wowote. Kifuniko kizima cha 0.9 huongeza takriban nyuzi 20 juu ya kiwango cha mahali ulipo, kwa hiyo hata Kabale maji yako yangevumilia hadi karibu nyuzi 115 kabla ya kuchemka. Ndiyo sababu mimi, gari likiletwa likiwa linachemsha milimani tu, hukishika kifuniko kabla ya kushika spana.

Nunua kifuniko kipya chenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani, au kwenye kitabu cha gari ikiwa unashuku kwamba cha zamani si cha gari lako. Usikubali kupewa cha namba kubwa zaidi kwa ahadi kwamba kitazuia gari kuchemsha. Rejeta ya Premio ni ya alumini katikati na plastiki juu na chini, na plastiki iliyopikwa kwa zaidi ya miaka ishirini hupasuka kwenye ukingo inapobebeshwa shinikizo ambalo haikutengenezewa. Badilisha na kile kimpira chembamba pia, kwa kuwa bei yake ni ndogo na ufa wake hauonekani kwa urahisi.

Jambo la pili ni kuirudisha themostati. Hoja ya kwamba Uganda ni nchi ya joto nimeisikia mara nyingi, na haisimami, kwa sababu tofauti ya hali ya hewa ya Kampala na ile ya Tokyo wakati wa kiangazi si kubwa, na hata Japani hawaiondoi wakati huo. Themostati ya injini kama yako huanza kufunguka karibu na nyuzi 82. Katika injini nyingi za Toyota kifaa hicho kina kazi mbili: kinapofungua njia ya rejeta, kidogo kidogo huziba njia ya mkato ambayo huyarudisha maji ya moto kwenye injini bila ya kuyapitisha kwenye rejeta. Ukikitoa, ile njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupozwa. Kwenye tambarare hutagundua, kwa sababu rejeta ina nafasi ya kutosha ya kufidia. Kwenye mpando mrefu, ambako kila tone linahitajika lipite kwenye rejeta, utagundua. Miongozo ya ufundi ya Toyota ya injini kadhaa za miaka ya 1990 inaonya waziwazi kwamba themostati isiondolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa kuwa kuiondoa hupunguza uwezo wa kupoza. Unapofunga mpya, hakikisha kwamba kile kipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo wake kiko upande wa juu, maana ndicho kinachoruhusu hewa kutoka wakati wa kujaza maji.

Kuhusu feni, fundi wako wa pili hakuharibu kitu, lakini alitibu mguu wakati kichwa ndicho kinachouma. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, upepo unaoingia mbele unatosha kabisa, na feni haina mchango mkubwa. Umuhimu wake hurudi unapofuata lori la matofali kwa mwendo wa konokono, na hapo feni iliyounganishwa kwa swichi yake ya kawaida ingejiwasha yenyewe. Mwambie aurudishe waya ulivyokuwa, kwa sababu feni inayozunguka saa zote huchosha alteneta na mota yake, tena huficha dalili ambazo ungezihitaji siku nyingine.

Ukishabadilisha kifuniko, kimpira na themostati, jaza maji pole pole gari likiwa limeinuliwa kidogo mbele, hita ya ndani ikiwa imewekwa kwenye moto wote, na injini ikiunguruma taratibu bila kifuniko hadi mapovu yakome na feni iwake angalau mara moja. Hewa iliyonaswa ndani ya hedi imewapoteza mafundi wengi, maana huleta dalili zinazofanana kabisa na za gasketi iliyoungua. Baada ya hapo nenda Kabale.

Iwapo mshale utaendelea kupanda hata baada ya hayo, sehemu inayofuata ni rejeta yenyewe, na hapa naomba uwe na subira kwa sababu inaweza kuziba kwa namna mbili. Kuna kuziba kwa nje. Wewe unaishi Masaka na unajua msimu wa senene unavyokuwa: ukisafiri usiku kwenye barabara ile mwezi wa Novemba, mbele ya gari hujaa wadudu, na wale wanaopenya kwenye wavu hunasa kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, wakachanganyika na vumbi la maramu na mbegu za nyasi hadi pakawa na blanketi ambalo huwezi kuliona kutoka mbele wala kutoka nyuma. Lazima kondensa ilegezwe na kusogezwa, kisha maji ya mpira wa kawaida yapulizwe kutoka upande wa injini kwenda nje. Bomba la kuoshea magari lenye nguvu nyingi hulaza mapezi ya alumini na kumaliza kabisa njia ya upepo, kwa hiyo vijana wa kuosha magari wazuie wasiliguse eneo hilo.

Kuziba kwa ndani hutokana na maji ya kisima na ya mto yaliyoachwa humo miaka mingi. Kupima ni rahisi ukiwa na kipimajoto cha miale, kile kinachoelekezwa kama tochi: injini ikiwa moto, pima uso wa rejeta kutoka upande maji yanakoingia hadi yanakotokea. Joto linapaswa kupungua kwa mfuatano. Ukikuta eneo lililopoa ghafla katikati ya lenye moto, hapo mirija imeziba. Rejeta za zamani za shaba zilifunguliwa na kusukumwa kwa ufito zikapona. Hizi za alumini na plastiki ni afadhali zibadilishwe. Na kwa kuwa gari lako ni la otomatiki, mafuta ya giaboksi hupozwa kwenye bomba lililo ndani ya rejeta hiyo hiyo, kwa hiyo kipimie rangi kijiti cha mafuta hayo. Yakifanana na maziwa ya waridi, maji yameingia kwenye giaboksi, na hilo halisubiri safari nyingine.

Usiusahau mpira wa chini, ule unaorudisha maji kwenye injini. Pampu huuvuta kwa nguvu injini ikizunguka kasi, na mpira uliolegea kwa uzee hujibana na kufunga njia, kisha hujirudi ukisimama, kiasi kwamba fundi anayeutazama gari likiwa limetulia hataona kosa. Mwambie mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 kwa dakika nawe utazame, mikono ikiwa mbali na feni na mikanda.

Nimeiacha gasketi mwisho kwa makusudi, ingawa simwambii fundi wako wa tatu kwamba amekosea. Gesi ya mwako inayopenya kwenye njia ya maji nayo huyasukuma maji kuelekea chupani, na ufa mdogo mara nyingi hujionyesha injini ikibebeshwa mzigo tu, yaani kwenye mpando. Lakini jambo hilo hupimwa kabla ya kufungua. Asubuhi injini ikiwa baridi, jaza rejeta, funga, washa, na ushike mpira wa juu. Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, kuna gesi inayoingia. Kipimo cha uhakika zaidi ni kile cha dawa ya buluu, ambacho huwekwa kwenye mdomo wa rejeta na kuvuta hewa iliyo juu ya maji; dawa ikigeuka kuwa ya manjano, hewa hiyo imetoka kwenye silinda. Omba kipimo kifanywe mara tu baada ya gari kupanda kilima, kwa sababu likipimwa likiwa limesimama tu gereji, ufa mdogo unaweza usijitokeze. Mafuta ya injini yaliyogeuka maziwa na moshi mweupe usiokoma ni dalili za ugonjwa uliokwisha kukomaa; kutokuwepo kwake hakumaanishi kwamba uko salama.

Iwapo dawa itageuka rangi, basi hedi ifunguliwe, na usilipe gasketi mpya peke yake. Dai uso wa hedi upimwe kwa rula ya chuma na geji ya majani, yaani vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kwa injini za jamii ya yako kikomo cha kupinda ni milimita 0.05, ambayo jicho haliwezi kuiona. Kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kujiandalia kazi ile ile baada ya miezi michache.

Mpaka utakapomaliza matengenezo, ukilazimika kusafiri, zima kiyoyozi na ubonyeze kitufe cha O/D kilicho kwenye mkono wa gia, kinachozima gia ya juu kabisa, kabla ya kuanza kupanda, ili injini izunguke kwa wepesi na pampu isukume maji zaidi. Mshale ukianza kuinuka, fungua hita ya ndani yote hata kama abiria watanung'unika. Ukikaribia alama nyekundu, au ukiona mvuke, simama na uzime. Kifuniko usikiguse mpaka uweze kuushika mpira wa juu kwa mkono bila kuuachia. Nimewaona watu wazima wakiungua uso kwa haraka ya dakika kumi. Wala usimimine maji baridi kwenye injini iliyokauka ikiwa moto, kwa sababu hedi ya alumini hupasuka.

SWALI: Mimi ni dereva wa teksi hapa Kampala. Gari langu, Toyota Spacio, halinisumbui nikienda Entebbe au Mukono, lakini nikinaswa kwenye jamu ya Kibuye au Clock Tower mshale hupanda, na nikipata njia hushuka wenyewe. Je, ni ugonjwa ule ule wa kuchemsha safarini?
Dereva, Ndeeba

JIBU: Ndugu dereva, wewe ni kinyume cha mwalimu. Joto linaloshuka gari likipata upepo linaonyesha kwamba feni haifanyi kazi yake, au inazunguka kwa unyonge. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama, kisha utazame feni. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei, kisha ipe mota umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ili ujue kama yenyewe ni nzima. Ikizunguka kwa kiyoyozi lakini isijiwashe joto linapopanda, swichi ya joto au waya wake ndio wenye kosa. Katika Toyota nyingi za zamani, ukiichomoa plagi ya swichi hiyo wakati ufunguo umewashwa, feni inapaswa kuanza mara moja. Isipoanza, swichi haina hatia. Mota iliyochoka nayo huzunguka, ila pole pole, na hii ndiyo huwapotosha wengi: wanaona mapanga yanazunguka, wanasema feni ni nzima. Weka karatasi mbele ya rejeta. Ikiwa feni haiwezi kuivuta ikanata kwenye wavu, ibadilishe.

SWALI: Nina kipikapu cha kupeleka viazi kutoka Kisoro hadi Kampala. Fundi wangu anasema kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni ya nchi zenye theluji na kwamba sisi tutumie maji tu. Nifuate ushauri huo?
Mama mfanyabiashara, Kisoro

JIBU: Mama, hapana. Ni kweli kwamba moja ya kazi za kulanti ni kuzuia maji yasigande, na hilo halikuhusu. Lakini ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu, ambazo hulinda alumini ya hedi na mapanga ya pampu, tena mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji huongeza nyuzi kadhaa kwenye kiwango cha kuchemka. Wewe unayepita milima ya Kanaba na mzigo wa viazi unazihitaji nyuzi hizo kuliko mtu wa Entebbe. Maji matupu, hasa ya kisima, huacha chokaa kwenye mirija kama yanavyoacha kwenye sufuria ya kuchemshia chai, na pampu iliyoliwa na kutu hubaki ikizunguka bila kusukuma kitu.

Kabla ya kuweka kulanti, fungua koki iliyo chini ya rejeta injini ikiwa baridi, mwaga maji yote, jaza maji safi, uiwashe hadi mpira wa juu upate moto, iache ipoe, kisha umwage tena. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe. Kama rejeta ilikuwa na kutu nyingi, uvujaji mdogo unaweza kujitokeza baada ya usafi huo, kwa sababu uchafu ndio uliokuwa umeziba. Usimlaumu fundi, na usitie unga wa kuziba, maana huziba pia mirija ya hita na ile ya rejeta iliyokuwa bado inapitisha maji. Changanya kulanti na maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, au maji ya mvua yaliyokingwa safi baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza. Usichanganye kulanti za rangi tofauti kwa kubahatisha. Soma chombo chake, kwani kuna zinazouzwa zikiwa zimekwisha kuchanganywa na hazitakiwi kuongezewa maji. Ile ya kijani ya kawaida ibadilishe kila baada ya miaka 2. Iliyotumika ikusanye kwenye dumu lenye mfuniko, usiimwage uani, kwa sababu ladha yake ni tamu na mbwa au mbuzi akiinywa anaweza kufa.